KABLA YA MOSI-OA-TUNYA, TWENDE ODINO

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nina maoni yangu kuhusu jambo ambalo limetutoa jasho tangu muhula wa pili: Chama chetu cha Kiswahili kifanye safari yake ya wapi? Wako wanaosema Maasai Mara. Wako wanaosema Mombasa. Halafu kuna kikundi cha vijana, nao wanajijua, ambao hawana habari na Kenya hii tena. Waliona kwenye simu picha za watu wanaojirusha kutoka darajani huko kusini mwa Afrika, na tangu siku hiyo usingizi umewaruka. Ati wakipata pesa, wikendi ya kwanza ni huko.

Mimi siwacheki. Nani asiyependa kusisimka? Kijana wa miaka kumi na sita asiyetaka kuona kitu kikubwa kuliko yeye, huyo ni mgonjwa apelekwe hospitali. Lakini nina rai yangu. Nasema chama kianze na maporomoko ya Odino, hapa hapa kwenye mto wetu. Sisemi hivyo kwa sababu ya umaskini peke yake. Nasema hivyo kwa sababu maporomoko yasiyo na watu wa kuyatazama hayana watu wa kuyatetea.

Kwanza tuwape haki yao wale wanaoota ya mbali. Maporomoko wanayoyataka yako kwenye mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, kwa sababu maji yakigonga chini hupanda juu kama moshi na sauti yake husikika kutoka mbali. Upana wake ni mita 1,708 na kimo chake ni mita 108. Mmisionari David Livingstone alipoyaona mwaka wa 1855, aliyapa jina la malkia wake, Victoria. Malkia ni yule yule ambaye ziwa letu pia lilibandikwa jina lake, ingawa wazee wetu walikuwa wakiliita Nam Lolwe kabla Mzungu yeyote hajalitia macho.

Wikendi yenyewe huwa namna hii. Ijumaa mgeni anashuka kwenye ndege. Jumamosi asubuhi anapelekwa kwenye daraja la reli lililokamilika mwaka wa 1905, anafungwa kamba ya mpira miguuni, anahesabiwa tatu, mbili, moja, kisha anajirusha kichwa chini mita 111 kuelekea mtoni. Mchana anapanda mtumbwi wa mpira na kurushwarushwa na mawimbi chini ya majabali. Jumapili anavuka mpaka hadi mbuga ya Chobe nchini Botswana kutazama makundi ya ndovu wakinywa maji. Jumatatu yuko kazini na hadithi ya kuwasimulia wenzake mwaka mzima.

Ni tamu, sikatai. Lakini si mchezo. Siku ya mwisho ya mwaka wa 2011 kamba ilimkatikia msichana mmoja mtalii kutoka Australia, akatumbukia Zambezi miguu ikiwa bado imefungwa. Mungu si Athumani, aliogelea akatoka akiwa hai. Basi hata huko kwenye mitambo na wataalamu, maji ni maji.

Hayo ni ya Zambezi. Sisi tuna nini?

Tuna mto ambao tunauvuka kila siku bila kuutazama. Mto Sondu unatoka kwenye msitu wa Mau. Mito ya Kipsonoi na Yurith inaungana kuufanya mto mmoja, unapita kwenye nchi ya majani chai, unafika hapa sokoni kwetu, kisha unateremka Nyakach ambako watu wanauita Miriu, na mwishowe unaingia Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Winam. Kati ya soko letu na ziwa, ardhi inashuka ghafla. Hapo mto hauna njia ila kuruka. Hapo ndipo Odino.

Wanafunzi wangapi wa shule yetu wamefika Odino? Niliuliza darasani kwetu, wakainua mikono wachache mno, na wengi wao ni wale ambao kwao ni huko huko. Waliobaki wanaijua kwa jina tu. Lakini waulize kuhusu ile ya Zambezi, watakutajia hata urefu wa kamba! Wahenga hawakukosea waliponena kwamba penye miti hapana wajenzi.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Kila mtu hapa anajua kituo cha umeme cha Sondu Miriu. Ujenzi ulianza mwaka wa 1999 kwa mkopo kutoka Japani, na umeme ukaanza kutoka miaka kama tisa baadaye. Ni megawati 60. Mwaka wa 2012 kikaongezwa kituo cha Sang'oro cha megawati 21, ambacho kinatumia maji yayo hayo mara ya pili. Namna kinavyofanya kazi ni hivi: hakuna bwawa kubwa. Maji yanazuiliwa kidogo mtoni, yanaingizwa kwenye handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6 ndani ya kilima, yanateremka kwa nguvu hadi kwenye mitambo, yanazungusha mitambo, halafu yanarudishwa mtoni huko chini. Kazi safi, haina moshi.

Lakini fikiri na mimi. Maji yakiingia handakini, mto wa zamani unabaki na nini? Odino iko chini ya mahali ambapo maji yanachukuliwa. Wakati wa masika huwezi kutambua tofauti, kwa maana mto umefura na maji yanatosha handaki na maporomoko. Wakati wa kiangazi ndipo lawama. Mto wenyewe umepungua, na mitambo nayo ina kiu. Kila lita inayopita handakini ni lita ambayo haitaruka Odino.

Kuna msomaji atasema, “Wewe kijana unataka tukae gizani ili uangalie maji?” La hasha! Mimi mwenyewe nasoma kwa stima usiku, na kibatari kilinichosha macho nikiwa darasa la nne. Sipingi umeme. Hata kule Mosi-oa-Tunya upande wa Zambia kuna kituo cha umeme cha megawati 108 kinachochota maji juu ya maporomoko, na watalii wanakuja vile vile. Tofauti ni moja tu. Mwishoni mwa mwaka wa 2019 ukame ulipoyapunguza maji ya Zambezi, picha za majabali makavu zilizunguka ulimwengu mzima, na watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga huko wakashtuka na kuuliza maswali. Odino ikikauka, nani atapiga picha? Nani atauliza? Mbuzi walioshuka kunywa maji?

Tazama majirani zetu wa Uganda. Pale Jinja, Mto Nili unapotoka ziwani kwetu, palikuwa na maporomoko ya Ripon. Yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen kufunguliwa mwaka wa 1954. Yakabaki ya Bujagali. Haya watu waliyapenda. Watalii walitoka Ulaya na Marekani kuteremka humo kwa mitumbwi ya mpira, vijana wa Jinja wakapata kazi ya kuwaongoza, na wazee wa Busoga waliyaheshimu kama makao ya mzimu wao. Bujagali nayo ilizama likajengwa bwawa la megawati 250 lililokamilika mwaka wa 2012. Hata hivyo, kwa sababu palikuwa na watu waliopajua na kupapenda, hawakunyamaza. Walibishana miaka mingi, na serikali ikalazimika kuahidi kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi, yataachwa kama fidia. Ahadi hiyo nayo imetikisika tangu bwawa la Isimba lifunguliwe mwaka wa 2019 na kufunika sehemu ya mawimbi ya huko. Lakini angalau palikuwa na ahadi ya kudai. Sisi tutadai nini kuhusu Odino, ikiwa hata picha yake hatuna ukutani shuleni? Na msisahau kwamba juu ya mto huu huu kuna bwawa la Magwagwa ambalo limezungumziwa kwa miaka mingi. Likija, litakuja na faida zake, lakini litatukuta tumelala.

Nageukia sasa wanyama, kwa sababu wanaotaka Chobe watasema Odino haina ndovu. Kweli, haina. Lakini wasidhani upande wetu wa ziwa ni mtupu.

Ukipitia Oyugis na Homa Bay utafika bonde la Lambwe, ambako kuna Mbuga ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120. Zamani watu walilikimbia bonde hilo kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mbung'o waliwafukuza watu, na bila kutaka wakawalinda wanyama. Ilianza kama hifadhi mwaka wa 1966, ikawa mbuga ya taifa mwaka wa 1983. Ndani yake kuna twiga, nyati na vifaru. Kuna pia korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe kama aliyevaa kinyago. Katika Kenya nzima, korongo wa porini wamebaki Ruma peke yake. Hata Maasai Mara hawapo tena. Basi anayekwenda Mara kwa basi usiku kucha anampita nyuma yake mnyama ambaye hatamkuta huko.

Na kuna jambo lingine ambalo lilinifurahisha sana nilipolijua. Kuna mbayuwayu wa rangi ya buluu iliyokoza ambaye huzaliana kusini mwa Afrika, nchi kama Zimbabwe na Afrika Kusini. Kunapokuwa na baridi huko, anapaa maelfu ya kilomita kuja kukaa upande wetu, na katika Kenya anapatikana kwenye nyasi za Ruma. Mnaona maajabu hayo? Ndege wa kusini anafunga safari kuja kwetu kila mwaka bila pasipoti, na sisi tunakesha tukiota kwenda kwake!

Tena si lazima twende hadi Ruma kutafuta maajabu. Nyakach yetu ndiyo nchi ya Omieri, yule chatu ambaye wazee wanasema huleta mvua na mavuno. Mwaka wa 1987 Omieri alichomwa na moto, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa, na watu wakaomboleza kama waliofiwa na jirani. Mwaka wa 2003 chatu mwingine aliotea mayai yake kichakani huku kwetu, na watu wakamiminika kutoka kila pembe kuja kumwona. Maofisa wa wanyama pori walipotaka kumhamisha, wenyeji wakakataa katakata. Msisitizo wangu uko hapo. Walimtetea kwa sababu walikuwa na jina lake na hadithi yake. Odino inahitaji hadithi ya namna hiyo, na sisi wa Chama cha Kiswahili ndio wa kuiandika.

Najua pingamizi zitakazoletwa mkutanoni, kwa hivyo wacha nizijibu mapema.

La kwanza, “Mto ni hatari.” Hilo ni kweli tupu, na mimi sitaki mzazi yeyote alie kwa sababu ya makala yangu. Mto huu una tabia mbaya moja ambayo wageni hawaijui: unaweza kupanda wakati jua linawaka Sondu. Mvua inanyesha Kericho, wewe uko kwenye jiwe katikati ya mto unapiga picha, na maji yanakuja. Chini karibu na ziwa kuna viboko na mamba. Kwa hivyo twende wakati usio wa masika, twende asubuhi, tuongozwe na wenyeji, tusiogelee, na mwalimu ahesabu vichwa kabla na baada. Msisimko si kukaribia kufa. Ukisimama mahali salama na kusikia ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyako, hiyo inatosha kukumbuka hadi uzeeni.

La pili, “Safari ya karibu si safari.” Jamani, tusemezane ukweli. Sisi ni shule ya kutwa. Wengi wetu tunatoka nyumbani kwa miguu, na karo yenyewe mama anaitafuta sokoni kwa kuuza omena na nyanya. Safari ya mbali ikitangazwa, huwa wanaenda wale wale wachache, na sisi wengine tunabaki kusikiliza wakisimulia. Mimi nimebaki mara mbili, najua ladha yake. Safari ambayo nusu ya chama hakiwezi kulipa si safari ya chama, ni safari ya marafiki. Kwenda Odino ni nauli kidogo, miguu, na viazi vitamu vya kufunga kwenye mfuko. Hakuna atakayebaki.

La tatu, “Huko hakuna kitu, hakuna hata hoteli.” Ndiyo maana ninataka twende! Pale Zambezi pia hapakuwa na hoteli mpaka watu walipoanza kufika. Bujagali haikuwa na mitumbwi ya mpira mpaka mtu wa kwanza alipoona inawezekana. Vijana wa Nyakach wanaoendesha bodaboda mchana kutwa wangeweza kuwa waongozaji wa wageni, wakifunzwa na wakipewa majaketi ya kuelea. Kina mama wangeuza chakula. Mtu anayepata unga wake kutokana na maporomoko atakuwa wa kwanza kupiga kelele maji yakipungua.

Basi napendekeza mambo manne, na ninaomba katibu ayaandike kwenye ajenda.

Kwanza, safari ya mwaka ujao iwe ya siku moja hadi Odino, na tukibakiza pesa, tuweke akiba ya kwenda Ruma mwaka unaofuata.

Pili, tualike shule moja kutoka ng'ambo ya pili ya daraja, upande wa Kericho. Sisi sote tunajua yaliyotokea mpakani hapa Sondu mwaka wa 2023, watu walipouana na maduka kufungwa. Maji yanayoruka Odino yanatoka kwao. Wao wakikata miti Mau, sisi tunakosa maji. Sisi tukigombana nao, wanakosa soko. Na tukikutana lugha itakuwa ipi? Si Kijaluo wala Kikipsigis. Ni Kiswahili. Kama chama chetu hakina kazi nyingine duniani, basi hiyo ni yake.

Tatu, tusimike mti wenye alama za rangi kando ya mto karibu na daraja, na kila Ijumaa mwanachama mmoja aandike maji yamefika alama gani. Ni daftari moja tu na kalamu. Baada ya miaka mitatu tutakuwa na habari zetu wenyewe, si uvumi. Anayetaka kuzungumza na wakubwa kuhusu maji lazima awe na hesabu mkononi.

Nne, tukirudi tuandike barua mbili kwa Kiswahili sanifu: moja kwa serikali ya Kaunti ya Kisumu kuomba njia nzuri na ukuta wa kuzuia watu wasianguke, na nyingine kwa KenGen, wenye kituo cha umeme, kuomba Odino iachiwe maji ya kutosha nyakati za kiangazi, na kiasi hicho kitangazwe kwa wananchi. Tusitukane mtu. Tuombe kama watu wenye haki ya kuomba.

Na safari hiyo italisha lugha yetu pia. Tukiwa huko itabidi tutafute maneno. Yale maji meupe yanayopanda kama moshi tutayaitaje? Samaki ningu, ambaye hupanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga mayai na ambaye wavuvi wanasema amepungua sana siku hizi, ana jina kwa Kiswahili, au tubebe lile la Kijaluo tulilotegea kwa mama zetu? Watu wa Zambezi walisema moshi unaonguruma, na jina likaishi hata baada ya malkia kupewa ramani nzima. Maporomoko hayo yalipoandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1989, yaliandikwa kwa majina yote mawili.

Siwakatazi wenzangu kuota daraja la mita 111. Someni, fanyeni kazi, panda ndege, jirushe. Lakini kijana wa Sondu akifika huko na mwenyeji wake akamuuliza, “Na kwenu kuna maporomoko?”, awe na la kujibu, tena kwa majina, kwa miaka na kwa hesabu za maji kutoka kwenye daftari letu.

Mkutano wa kuchagua safari ni wiki ya pili ya muhula ujao. Njooni mpige kura. Naomba kuwasilisha.